Nafasi ya Vidole Viwili

Barua ya kukubaliwa ilinikuta Kadutu
nikipepeta mchele mlangoni kwa shangazi.
Mwaka mmoja wa mafunzo, posho kila mwezi,
ukutubi wa sheria, pale chuoni.
Shangazi aliisoma mara mbili:
"Miaka mitano ya sheria
ili ukapanguse vumbi?"
Sikumjibu. Mchele ulikuwa na mawe mengi.

Tulikuwa wanne: mimi, Cirhuza, Nabintu,
na Byamungu aliyetoka Uvira na godoro lake kichwani.
Mama Nshobole, mkufunzi, hakutupa hotuba.
Alitupa vitambaa vya pamba na penseli laini.
"Wino ni kiapo," alisema.
"Humu ndani hatuapi ovyo."

Nikajifunza kunusa magazeti ya serikali.
Ya kabla ya uhuru hunuka ngozi,
ya enzi za Zaire hunuka moshi,
ya mwaka huu hayanuki kitu,
maana hayajafika.

Nikajifunza kwamba sheria haifi kwa kelele.
Hufutwa kwa mstari mmoja mkiani mwa sheria nyingine,
na wakili asiyesoma mpaka mkia
atasimama mahakamani kutetea maiti.

Mvua ikinyesha tunaweka ndoo tatu
kati ya rafu ya madini na rafu ya familia.
Umeme ukikatika, tunasoma tochi mdomoni,
mate yakitudondoka kama watoto.

Novemba alikuja mama kutoka Kabare.
Alivua buti zake mlangoni, zimejaa tope,
akaingia na soksi za mumewe.
Mkononi nakala ya sheria ya ardhi, ya sabini na tatu,
kifungu cha mia tatu themanini na tisa
kimepigiwa mstari kwa kalamu ya avoka:
haki za watu juu ya ardhi ya kimila
zitapangwa kwa amri ya Rais.

"Mkwe wangu alitoa ng'ombe wa kalinzi," alisema,
"na shamba nimelilima miaka ishirini na sita.
Sasa kuna mtu ana cheti.
Nipeni hiyo amri."

Nilitafuta wiki tatu.
Namba kwa namba, mwaka kwa mwaka,
nikakuta amri za nishani, amri za vyeo,
amri ya kubadili amri,
na nondo waliokula robo ya mwaka mzima.
Usiku niliota faharasa.

Siku ya kumi na tisa nikamwendea Mama Nshobole.
"Haipo."
"Najua."
"Ulijua tangu lini?"
"Tangu ujana wangu."
Nilitaka kulia kwa hasira.
Akavuta kiti. "Kujua kwangu si ushahidi, mwanangu.
Sasa tuko wawili. Andika."

Nikaandika: tumetafuta kuanzia namba hii mpaka namba hii;
zinazokosekana ni hizi saba;
amri iliyoahidiwa hatukuiona.
Nilishika penseli kwa mazoea.
Akaninyang'anya, akanipa kalamu ya wino.

Yule mama alisomewa, akaikunja karatasi mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kitenge.
"Basi shamba langu," aliuliza, akivaa buti,
"linasubiri nini?"

Hilo halikuwa kwenye ratiba ya mafunzo.

Jioni shangazi aliuliza nimefanya nini leo.
"Nimemaliza kutafuta kitu ambacho hakipo."
"Na wanakulipa?"
"Wanalipa."
Alicheka mpaka sambaza wakaungua.

Kwenye rafu ya ardhi, baada ya sabini na tatu,
nimeacha nafasi ya vidole viwili.
Byamungu kila Jumatatu anataka kuiziba,
vitabu vimebanana, anasema, tumekosa pa kuweka.
Kila Jumatatu namwambia:
hapo pana mtu.